Sisi Tulikuwa Wengi

Siku moja kabla ya arobaini ya baba mkubwa, tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, Kasulu. Shangazi alikuwa ameweka ungo wa maharage mapajani, anachambua. Vijiwe na yaliyotobolewa na wadudu vinakwenda pembeni, mazima yanabaki katikati. Mikono yake haihitaji macho.

Binamu zangu wawili walikuwa wanabishana siasa, kama kawaida yao wakikutana. Mmoja ni wa chama tawala tangu akiwa chipukizi, mwenzake ni wa upinzani tangu chuo. Ubishi ukafika pale ubishi wa siasa kwetu unapofikaga siku zote: nani ana watu wengi.

"Demokrasia ndiyo hiyo, wengi wape!" akasema yule wa chama tawala.

Shangazi hakuinua uso.

"Sisi tulikuwa wengi," akasema. "Hatukupewa."

Walidhani anazungumzia lile shamba la ukoo, wakacheka kidogo. Mimi pia sikumwelewa, mpaka alipoongeza: "Wakati wa Tume. Ile ya Nyalali."

Zimepita wiki sita tangu siku hiyo. Nimerudi Dar es Salaam, nimerudi kazini, na maneno yale hayajanitoka.

## Wale themanini

Hesabu yenyewe tunaijua tangu darasa la uraia. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume, Jaji Mkuu Francis Nyalali akaiongoza, ikazunguka nchi kuuliza: tuendelee na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Waliotoa maoni walizidi 36,000. Karibu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kibaki. Karibu 20 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi. Februari 1992 Mkutano Mkuu Maalum wa CCM ukaridhia, Mei Katiba ikabadilishwa, na kufikia Julai sheria ya vyama ilikuwa inafanya kazi.

Tulifundishwa habari hii kama hadithi ya hekima. Wachache walisikilizwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye chini ya uongozi wake chama kimoja kiliwekwa kisheria mwaka 1965, alikuwa ameanza tangu 1990 kusema hadharani kwamba jambo hili lijadiliwe. Nimeitetea hadithi hiyo maisha yangu yote. Nimeitumia kwenye mijadala, nimewaandikia watu kwamba haki ya mtu haipigiwi kura na jirani zake.

Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza hata mmoja kati ya wale themanini alisema nini, na kwa nini.

Kumbe nilikuwa namwamkia kila likizo.

## Niliuliza vibaya

Kesho yake, wageni walipopungua, nilimfuata jikoni. Nikamuuliza jambo ambalo leo naona haya nikilikumbuka.

"Shangazi, balozi wenu wa nyumba kumi ndiye aliyewaambia mseme chama kimoja?"

Mikono ikasimama.

"Kwa hiyo wewe unafikiri mimi nilikuwa sina akili?"

Nilikuwa nimefikiri hivyo, na si mimi peke yangu. Watu wengi tunaoitetea 1992 tumejipa nafuu hiyo kimyakimya: kwamba wale themanini waliogopa, au walifundwa, au hawakujua kilichokuwa kikiulizwa. Hofu ilikuwepo, siikatai. Mkutano uliitwa na viongozi walewale wa chama, na mtu aliyesimama kusema alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Lakini kutoka kwenye hofu hiyo kwenda kusema watu wanane katika kumi hawakuwa na mawazo yao ni kuruka mto mpana mno.

Sababu za Shangazi zilikuwa zake. Mwaka 1972 alikuwa msichana wa miaka 17 wakimbizi walipoanza kuvuka kutoka Burundi. Anakumbuka mama mmoja aliyefika kwao na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, sufuria tupu, na hakutaka kuitua hata alipokaribishwa kukaa. Alipoulizwa na Tume, miaka 19 baadaye, Shangazi aliiona ile sufuria.

"Nilisema sisi tukianza kugawana, tutagawana kila kitu. Na 1993 si tuliona?"

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, miezi minne tu baada ya kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, na watu wakavuka tena kuingia Kigoma maelfu kwa maelfu. Ningeweza kumjibu kwamba Ndadaye aliuawa na wanajeshi, si na wapiga kura, na kwamba kilichoiunguza Burundi kilianza zamani sana kabla ya sanduku lile la kura. Ni jibu sahihi. Sikulitoa. Mbele ya mtu aliyewapikia uji wale watu, lilinikwama.

## Sentensi ya pili

Kisha akaniambia jambo lililonipindua.

Kumbe siku ile, kwenye ghala la ushirika, alisema mambo mawili. La kwanza, chama kibaki kimoja. La pili, watu wachague wenyewe nani agombee, majina yasikatwe huko juu.

"Kwa jembe na nyumba tulikuwa tunawaangusha watu," akasema. Wazee mnakumbuka: wagombea ubunge wawili, wa chama kimoja, huyu alama ya jembe, huyu alama ya nyumba, na waheshimiwa wazito walianguka kweli. "Lakini hao wawili walikuwa wanatuletea wao. Yule tuliyemtaka sisi jina halikurudi."

Karani, anasema, aliandika sana aliposema ile ya kwanza. Aliposema ya pili, yule kijana alikuwa ameshaweka kalamu chini, anamtazama mtu wa nyuma yake kwenye foleni.

Nikachukua maharage kumi kwenye ungo, nikamwonyesha Tume ilivyofanya. Manane huku, mawili huku. Nikamweleza kwamba Jaji Nyalali na wenzake hawakuishia kwenye kuhesabu. Waliangalia walichosema wale wanane, wakakuta sehemu kubwa yao wanataka chama kimoja lakini wanataka mabadiliko makubwa ndani yake. Ukiwajumlisha hao na wale wawili, wengi walikuwa wanataka mabadiliko. Nikasogeza maharage kadhaa kutoka kwenye fungu la wanane nikayaweka katikati.

Shangazi akayatazama. Akachukua moja.

"Mimi ndiye huyu?"

Nikasema nadhani ndiye.

Akalirudisha kwenye wanane.

"Mimi nilisema chama kimoja. Na nilisema majina yasikatwe. Nani alimwambia jaji kwamba hayo mawili maana yake ni vyama vingi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nalitafuta.

## Niliposimama mwaka 2014

Kilichoninyima usingizi hasa si 1991. Ni mimi mwenyewe mwaka 2014.

Mwaka ule nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele: maoni ya wananchi yaheshimiwe! Tume ya Jaji Warioba, ya mabadiliko ya Katiba, ilikuwa imekusanya maoni, imeandika rasimu, imependekeza muundo wa serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar, badala ya mbili tulizonazo, ya Muungano na ya Zanzibar. Kwa Bara, takriban asilimia 61 ya waliouzungumzia muundo wa Muungano walitaka tatu. Nilikuwa naitaja asilimia hiyo popote: kwenye daladala, kwenye harusi, msibani.

Tarehe 21 Machi 2014 Rais Kikwete alikwenda Dodoma kulihutubia Bunge Maalum la Katiba, lililokuwa linaijadili rasimu hiyo. Niliangalia hotuba nzima. Alichukua hesabu za Tume yenyewe akazigeuza upande wa pili: waliotoa maoni ni 351,664, waliougusa muundo wa Muungano ni 47,820, yaani asilimia 13.6. Kwa hiyo, kama hoja ilivyokwenda, wale waliobaki, zaidi ya asilimia 86, hawakuona muundo kuwa ni tatizo.

Nilikasirika nikazima televisheni. Nilisema, walionyamaza hawakuulizwa wamenyamazia nini! Mtu akija kuzungumzia maji na ardhi hajapiga kura ya serikali mbili.

Bado naamini hivyo. Lakini sasa, na lile harage la Shangazi mbele yangu, inabidi niseme na upande mwingine. Asilimia 61 ilikuwa ya Bara. Zanzibar, wengi wa waliouzungumzia muundo walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zenye mamlaka kamili zinazoungana kwa makubaliano, na serikali tatu karibu hakuna aliyezitaja. Tume ya Warioba ilitazama pande hizo mbili zisizokutana, ikaona serikali tatu ndiyo njia inayoweza kuwabeba wote. Ilipima, ikaamua, kama Nyalali alivyopima akaamua. Mimi nikaenda mtaani kusema "wananchi wamesema," wakati wananchi walisema mengi na Tume ndiyo iliyoyaunganisha.

Basi kuhusu mwaka 1992 nilikuwa upande wa kusema wengi si hoja. Kuhusu mwaka 2014 nilikuwa upande wa kusema wengi ndiyo hoja yenyewe. Kote kuwili nilijiona mtetezi wa demokrasia.

Je, nilikuwa nafuata kanuni, au nilikuwa nachagua hesabu inayonipendeza?

## Hesabu tatu

Nilikaa na swali hilo kama wiki tatu, na katika kuhangaika nalo nikarudi kwenye yaliyotokea katikati ya miaka hiyo miwili, ambayo huwa tunayasahau.

Tume ya Nyalali haikupendekeza vyama vingi tu. Ilipendekeza pia serikali tatu. Iliorodhesha na sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. CCM ikachukua vyama vingi, ikaziacha serikali tatu, na katika zile sheria baadhi zikaguswa na nyingine zikabaki zinauma kwa miaka mingi.

Kisha ikaja Kamati ya Jaji Kisanga, enzi za Rais Mkapa, ikamaliza kazi mwaka 1999. Safari hii wengi wa waliotoa maoni walitaka serikali mbili ziendelee, lakini Kamati ikapendekeza tatu. Serikali ikakataa, na sababu ilikuwa kwamba Kamati imevuka walichosema wananchi.

Tuzipange sasa. Mwaka 1992, wengi wanasema chama kimoja, na tunaambiwa wachache nao wana haki. Mwaka 1999, tunaambiwa wengi wamesema, Kamati iheshimu. Mwaka 2014, wengi wa waliolizungumzia jambo wamesema, na tunaambiwa tuwatazame walionyamaza.

Kila hoja, ukiichukua peke yake, ina mantiki. Ningeweza kuisimamia yoyote kati ya hizo kwa saa nzima mbele ya watu wenye akili. Ukiziweka pamoja ndipo unapoona kwamba kanuni ya kuhesabu inabadilika kila mara, na aliyeshika kalamu habadiliki. Ni chama kimoja, kupitia vikao vyake, kinachoamua safari hii wengi ni nani.

Sisemi haya kwa chuki na CCM. Baba mkubwa tuliyemsomea arobaini alikufa na kadi yake mfukoni, na alikuwa mtu mwadilifu kuliko wengi ninaowajua. Tena nakipa chama hicho haki yake: mwaka 1992 kingeweza kujificha nyuma ya ile 80 kwa raha zake, na hakikufanya hivyo. Nchi nyingi zilizotuzunguka zilivuka pale kwa damu. Sisi tulivuka kwa mkutano mkuu.

Lakini mlango ulifunguliwa na ufunguo ukabaki kwa mwenye nyumba. Katiba ya chama kimoja ilitiwa viraka ikaendelea. Na bungeni Dodoma, mwaka 2014, wajumbe wa CCM wakiwa ndio wengi, Rasimu iliyoletwa na Tume ilirudi na serikali mbili. UKAWA, umoja wa wajumbe wa upinzani waliotetea Rasimu, walitoka Aprili. Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa na kukabidhiwa. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika.

Imeahirishwa mpaka leo.

## Neno lenyewe

Nimelitafakari sana hili neno "maoni". Tunakusanya maoni. Tunatoa maoni. Kikosi Kazi cha Rais Samia kuhusu demokrasia ya vyama vingi, kilichokabidhi ripoti yake Oktoba 2022, nacho kilikusanya maoni. Ndani ya vyama, wanachama wakichagua wa kugombea ubunge, zoezi linaitwa kura za maoni, na jina linasema kweli tupu: aliyeongoza kwa mbali anaweza kufika kwenye vikao vya juu akakatwa, aliyekuwa wa tatu akarudi akiwa mgombea. Umetoa maoni. Uamuzi uko kwingine.

Hapa ndipo sentensi ya pili ya Shangazi iliponirudia kwa nguvu.

Majina yasikatwe huko juu. Watu wachague wenyewe.

Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, kwamba mtu aweze kugombea bila kudhaminiwa na chama. Katiba ikabadilishwa kuziba njia hiyo. Akarudi mahakamani, akashinda Mahakama Kuu tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa nchini, Arusha, ikasema kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki za binadamu. Na bado leo hugombei mpaka uwe na chama, na ndani ya chama jina lako liko mikononi mwa kikao.

Kwa hiyo yule mwanamke wa Kasulu niliyemuweka, kichwani mwangu, kwenye fungu la waoga waliotaka mambo yabaki kama yalivyo, alikuwa anadai mwaka 1991 kitu ambacho vyama vingi havijampa kwa miaka zaidi ya 30. Tulimpa kitu ambacho hakukiomba. Alichokiomba bado.

Na watetezi wa vyama vingi, mimi nikiwemo, tulikuwa tunataja asilimia yake kama mfano wa watu ambao bahati nzuri hawakusikilizwa.

## Hakuna aliyerudi

Nilimuuliza, tukiwa tunakunja majamvi, kama anaona Tume ilikosea. Nilitaka aniambie ndiyo au hapana, nipumue.

Alifikiri. Akasema vyama vingi vina faida yake, kwamba zamani ukimlalamikia diwani ulikuwa huna pa kumpeleka, sasa angalau yupo wa upande wa pili wa kupaza sauti. Akasema angepigia kura vyama vingi leo, huenda.

"Kinachoniuma si kushindwa," akasema. "Mimi nimeshindwa mambo mengi. Kinachoniuma, walikuja na magari, tukaacha mashamba, tukapanga foleni, tukasema. Kisha tukasikia redioni. Hakuna aliyerudi hapa akatuambia: mlisema hivi, tumeamua vile, na sababu ni hizi."

Nimezipima tena zile hesabu tatu kwa maneno hayo, na nadhani sasa najua nilipokuwa nimepotea. Nilikuwa nauliza kama wengi wafuatwe au wasifuatwe. Nimekubali sasa kwamba kuna siku serikali italazimika kwenda kinyume na wengi, na itakuwa sawa. Ningekuwa mmoja wa wale ishirini wa 1991, ningetaka hivyohivyo. Ila anayekwenda kinyume nao ana deni kubwa kuliko anayewafuata. Anapaswa kurudi kwenye ghala lilelile, asimame mbele ya watu walewale, na awape nafasi ya kumwambia hapana. Kwa Katiba, nafasi hiyo ni kura ya maoni ambayo safari hii iwe ya uamuzi kweli, kwa karatasi ya siri na sanduku, na si muhtasari wa karani. Tangu nchi hii ipate uhuru, Bara hatujawahi kupewa hata mara moja nafasi ya kuipigia kura Katiba yetu.

Hilo ndilo ningelidai leo kabla ya kubishana serikali ngapi.

## Simu ya juzi

Juzi nimempigia kumuomba ruhusa ya kuandika haya bila kumtaja jina. Mvua zimeanza Kasulu, alikuwa anarudi shamba, nasikia pumzi yake ikipanda mlima pamoja na maneno. Akakubali. Akaniuliza habari za kazi na kama nakula vizuri.

Nilidhani amekata. Kumbe alikuwa amesimama tu kupumzika.

"Mwanangu," akasema, "wewe unayesoma makaratasi. Yule kijana aliandika na ile ya pili?"